Tume Imekabidhi Ripoti, Sasa Je? Mwongozo wa Kufuatilia Mapendekezo ya Usalama Ukiwa Kisumu, Nakuru au Bungoma

Wakazi wa Kisumu, Nakuru na Mlima Elgon wameketi mbele ya tume nyingi. Kamati teule ya Bunge chini ya Kennedy Kiliku ilichunguza mapigano ya kikabila ya Magharibi na Bonde la Ufa mwaka 1992. Jaji Akiwumi akafuata mwaka 1998, Jaji Waki mwaka 2008 kuhusu ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, kisha Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano. Mama mmoja anaweza kuwa ametoa ushahidi ule ule mara tatu, kwa wageni watatu tofauti, na bado akauliza barazani: serikali ilifanya nini na yale niliyosema?

Mwongozo huu ni wa huyo mama, na wa kijana wake mwenye simu na muda wa kuandika barua. Huhitaji wakili kuufuata, ila mwishoni kabisa.

Jambo moja tuliweke wazi mapema. Ukisema "serikali haitekelezi chochote", umekosea, na afisa wa wizara atakuumbua kwa kukuonyesha sheria tano zilizopitishwa. Ukisema "serikali imetekeleza", umewakosea waathiriwa. Ukizisoma ripoti hizi moja baada ya nyingine utaona mtindo: mapendekezo ya kuunda ofisi mpya au kutunga sheria hupita, hata kama ni kwa kuchelewa. Yale yanayotaka mtu fulani ashtakiwe, au mtu fulani alipwe, ndiyo hukwama. Kwa hiyo usiulize kuhusu ripoti nzima. Uliza kuhusu pendekezo moja, kwa ofisi moja, kwa tarehe.

Hatua ya kwanza: jua ni nani aliyeandika ripoti

Watu huita kila kitu "tume", lakini anayepaswa kukujibu hutegemea aina ya chombo.

Tume ya uchunguzi huundwa na Rais chini ya Sheria ya Tume za Uchunguzi, Sura ya 102, na ripoti humwendea yeye. Jopokazi nalo huteuliwa na serikali kuu na kutangazwa katika Gazeti Rasmi, lakini halina nguvu za tume. Kamati ya Bunge huripoti kwa Bunge lenyewe, na wabunge ndio hupiga kura kuikubali au kuikataa ripoti. Tume ya Ukweli iliundwa kwa sheria yake ya mwaka 2008. Kisha kuna IPOA, mamlaka huru inayochunguza utendakazi wa polisi, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, ambazo hutoa mapendekezo mwaka hadi mwaka bila kusubiri kuteuliwa. Uchunguzi wa kifo mbele ya hakimu ni kitu kingine tena.

Tofauti hizi zina uzito. Chukua kifo cha Dkt. Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje aliyeuawa Februari 1990, na mwili wake kupatikana Got Alila karibu na nyumbani kwake Koru. Tume ya Jaji Gicheru iliundwa mwaka huo huo, kisha ikavunjwa mwaka 1991 kabla ya kumaliza kazi. Hapo hakuna pendekezo la kufuatilia, kwa kuwa ripoti haikukamilika. Baadaye kamati ya Bunge chini ya Gor Sunguh iliandika ripoti, lakini ilipofika mbele ya wabunge mwaka 2010 ikakataliwa. Ripoti iliyokataliwa na Bunge haimfungi waziri yeyote. Unaweza kuinukuu kama ushahidi wa yaliyosemwa, lakini ukimwandikia waziri "mbona hujatekeleza", atakujibu kwa mstari mmoja na faili itafungwa. Ripoti ya Kiliku nayo ilikataliwa vivyo hivyo.

Kwa hiyo, kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako andika: nani aliiunda, iliripoti kwa nani, ilikabidhiwa lini, na kama ni ya Bunge, ilipitishwa au ilikataliwa.

Hatua ya pili: pata ripoti yenyewe

Usitegemee habari za magazeti. Gazeti huchukua mapendekezo matatu yenye majina makubwa na kuacha mengine. Tafuta ripoti kwenye tovuti ya Bunge, tovuti ya Kenya Law inayohifadhi sheria na Gazeti Rasmi, au uulize ofisi ya Tume ya Haki za Binadamu. Ripoti ya Tume ya Ukweli ina majuzuu kadhaa. Mapendekezo yamo katika Juzuu la Nne, kwa hiyo usipoteze fedha za saiba kuchapisha yote.

Angalia pia tarehe mbili: ya kukabidhiwa na ya kutolewa kwa umma. Ripoti ya Akiwumi ilikabidhiwa mwaka 1999, wananchi wakaisoma mwaka 2002. Watu wa Molo na Njoro waliotoa ushahidi walingoja miaka mitatu kujua tu kilichoandikwa. Ripoti ikiwa haijatolewa, ombi lako la kwanza ni moja: itolewe.

Hatua ya tatu: chagua pendekezo moja na ulivunje vipande

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi huruka.

Kila pendekezo lina vipande vinne: nani anatakiwa kutenda, atende nini, kwa muda gani, na kwa fedha za nani. Pendekezo linalosema "serikali iboreshe usalama katika Bonde la Ufa" halina hata kimoja. Liache, maana yeyote anaweza kudai amelitekeleza. Tafuta lile linalotaja ofisi na kitendo.

Tuchukue mfano wa ripoti ya Jaji Waki, iliyokabidhiwa Oktoba 15, 2008. Ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, na 405 kati yao waliuawa kwa risasi. Kisumu inajua risasi hizo zilitoka wapi. Nakuru na Naivasha zinakumbuka zaidi panga na moto. Sasa tazama mapendekezo yake machache, moja baada ya jingine.

Mahakama maalumu ya kuwashtaki wahusika wakuu: mswada uliangushwa bungeni Februari 2009. Bahasha ya majina ya washukiwa aliyokuwa amekabidhiwa mpatanishi Kofi Annan ikapelekwa kwa mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai Julai mwaka huo. Kesi za washukiwa waliofikishwa huko zilikwisha bila hukumu ya hatia, ile ya Uhuru Kenyatta ikiondolewa Desemba 2014 na ile ya William Ruto na Joshua Sang ikisitishwa Aprili 2016. Katika daftari lako, hili ni "limekataliwa".

Chombo huru cha kupokea malalamiko dhidi ya polisi: jopokazi la Jaji Ransley kuhusu mageuzi ya polisi lilisisitiza jambo hilo hilo mwaka 2009, na sheria ya IPOA ikapitishwa mwaka 2011. Leo ina ofisi Kisumu, Nakuru, Kakamega na Eldoret. "Limetekelezwa."

Kuunganisha polisi wa kawaida na polisi wa utawala: Katiba ya 2010 iliwaweka wote chini ya Inspekta Jenerali mmoja, lakini ikaacha vikosi viwili, kila kimoja na naibu wake. Andika "nusu", na ueleze nusu ipi.

Sheria ya upatikanaji wa habari: Waki alitaka ipitishwe mara moja. Ilikuja mwaka 2016, miaka minane baadaye. "Limetekelezwa, kwa kuchelewa." Sheria hiyo hiyo ndiyo utakayoitumia katika hatua ya tano.

Sheria ya Uhalifu wa Kimataifa: ilipitishwa mwaka huo huo wa 2008 na kuanza kutumika Januari 1, 2009. Kwa miaka mingi ilikaa tu vitabuni. Kisha Agosti 2017, baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa, polisi waliingia katika nyumba za Nyalenda na mtoto wa miezi sita akapigwa hadi akafariki siku chache baadaye. Uchunguzi mbele ya hakimu Kisumu mwaka 2019 uliwapata makamanda watano kuwa na lawama. Oktoba 2022, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma alitangaza kuwashtaki maafisa 12 kwa uhalifu dhidi ya binadamu chini ya sheria ile iliyopendekezwa na Waki. Kesi ikaanza kujikokota, kusomewa mashtaka kukiahirishwa tena na tena, na kushtakiwa si kuhukumiwa. Hata hivyo, mstari mmoja katika ripoti ya 2008 ndio uliofungua mlango huo. Ndiyo maana nakataa kauli ya kwamba ripoti hizi ni karatasi tupu. Yule aliyetoa ushahidi Kondele mwaka 2008 alikuwa akimjengea njia mtoto ambaye hakuwa amezaliwa.

Baada ya mfano huo, fanya hivyo hivyo kwa ripoti yako. Alama tano zinatosha: limetekelezwa, nusu, halijaanza, limekataliwa, halijulikani. Kila alama iwe na ushahidi kando yake, na tarehe. Alama isiyo na ushahidi ni maoni yako tu.

Hatua ya nne: tafuta nyayo za serikali kabla ya kuuliza

Serikali ikitenda, huacha nyayo mahali pachache: sheria, tangazo katika Gazeti Rasmi, bajeti, kumbukumbu za Bunge na ripoti za wakaguzi. Pitia hizo kwanza, kwani ukiuliza lililo wazi utapoteza mwezi mzima.

Bajeti ndiyo ya kuaminiwa zaidi. Makadirio hufikishwa Bunge la Taifa kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Jopokazi la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, lililoteuliwa Desemba 2022 kuhusu maslahi ya polisi, magereza na Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS), lilikabidhi ripoti Novemba 2023 na kupendekeza nyongeza ya asilimia 40 ya mishahara ya polisi. Awamu ya kwanza ya nyongeza ilionekana katika mwaka wa fedha ulioanza Julai 2024. Hilo ni pendekezo unaloweza kulipima kwa shilingi, mwaka hadi mwaka. Ripoti hiyo ilikuwa na mengine mengi kuhusu uongozi na ufisadi katika huduma ya polisi, ambayo hayaonekani kwenye hati ya mshahara. Hayo ndiyo ya kuulizia.

Jihadhari na sheria isiyo na fedha. Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Wachunguzi wa Vifo ilitiwa saini mwaka 2017, ili kifo kinachodaiwa kusababishwa na polisi kisichunguzwe na polisi. Miaka ikapita bila huduma yenyewe kuanzishwa. Anayesoma orodha ya sheria ataweka alama ya "limetekelezwa". Anayesoma bajeti ataona pengo.

Jihadhari pia na hotuba. Machi 26, 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi mbele ya Bunge kwa niaba ya serikali na kutangaza hazina ya shilingi bilioni 10 katika miaka mitatu kwa waathiriwa wa dhuluma za kihistoria. Kanuni za kuigawa zilibaki rasimu kwa miaka. Hotuba ni ahadi, na ahadi huandikwa "halijaanza" hadi fedha zitoke.

Hatua ya tano: andika barua ya kuomba habari

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari, Namba 31 ya 2016, inaeleza utaratibu. Barua inaweza kuwa kwa Kiswahili. Huhitaji kueleza kwa nini unataka habari hiyo. Kuomba ni bure. Unaweza kutozwa gharama ya nakala tu. Mtu akikuambia ulipe ada ya "kusajiliwa" ili jina lako lipelekwe mbele, mkatalie na uwaonye majirani.

Barua humwendea mkuu wa taasisi, maana kisheria yeye ndiye afisa wa habari. Kwa wizara, ni Katibu wa Idara husika. Huu hapa mfano kuhusu hazina ya fidia, badilisha unavyohitaji:

"Kwa Katibu wa Wizara,
Hazina ya Taifa, Nairobi.

KUH: OMBI LA HABARI CHINI YA KIFUNGU CHA 35 CHA KATIBA

Mimi ni raia wa Kenya, mkazi wa Kaunti ya Kisumu. Naomba habari zifuatazo kuhusu hazina ya shilingi bilioni 10 ya waathiriwa wa dhuluma za kihistoria, iliyotangazwa na Rais bungeni Machi 26, 2015:

1. Kiasi kilichotengwa kwa hazina hiyo katika kila mwaka wa fedha kuanzia 2015/2016 hadi sasa.
2. Kiasi kilichotumika, na kwa kazi gani.
3. Hali ya kanuni za kusimamia hazina hiyo, na tarehe ya hatua ya mwisho iliyochukuliwa.
4. Ofisi inayosimamia hazina hiyo kwa sasa.

Naomba majibu kwa maandishi. Iwapo sehemu ya habari hizi iko katika taasisi nyingine, naomba ombi hili lihamishiwe huko kama sheria inavyotaka na nijulishwe.

Jina, namba ya kitambulisho, anwani, simu, sahihi, tarehe."

Angalia jinsi maswali yalivyo mafupi na ya kujibika. Usiulize "kwa nini mmetudharau". Uchungu huo ni wa haki, lakini karani hawezi kuujibu, na ataitumia sentensi hiyo kuiweka barua yote kando. Uliza kiasi, tarehe, ofisi.

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Ukituma kwa posta, tumia rejista na uhifadhi risiti. Barua pepe nayo inakubalika, ila ihifadhi mahali pawili.

Taasisi ina siku 21 kujibu. Inaweza kujiongezea siku 14, mara moja tu, kwa sababu zilizoelezwa. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, kwa mfano mtu aliyekamatwa na hajulikani aliko, muda ni saa 48, na useme hivyo kwenye mstari wa kwanza wa barua. Muda ukipita kimya kimya, sheria inahesabu kuwa umekataliwa, na hilo linakufungulia njia ya kukata rufaa.

Jibu la "ni suala la usalama wa taifa"

Hili utalipata, kwa hiyo jiandae. Kifungu cha 6 cha sheria kinaruhusu kweli kuzuia habari za usalama wa taifa, lakini kinataja ni habari za namna gani: mikakati na uwezo wa kijeshi, operesheni za siri, vyanzo na mbinu za ujasusi, mahusiano na nchi za nje na mengine ya aina hiyo. Swali la kama pendekezo lililochapishwa limetekelezwa, au shilingi ngapi zimetengwa, halimwambii adui chochote. Jibu barua yao kwa kuuliza ni aina ipi katika orodha hiyo inayohusika na swali lako lipi. Omba pia watoe sehemu isiyo ya siri. Kisha wakumbushe kwamba sheria hiyo inaruhusu habari kutolewa pale manufaa kwa umma yanapozidi madhara.

Kuna kipengele kingine ambacho watu wa Kisumu na Nakuru wangekitumia zaidi kuliko wanavyokitumia. Habari iliyokaa mikononi mwa serikali kwa zaidi ya miaka 30 huchukuliwa kuwa si siri tena, isipokuwa taasisi ithibitishe vinginevyo. Mauaji ya Oktoba 25, 1969, siku Rais Jomo Kenyatta alipokwenda kufungua hospitali ambayo hadi leo wenyeji huiita Russia, yamepita muda huo zamani. Mapigano ya 1991 na 1992 nayo yameupita. Mzigo wa kueleza kwa nini mafaili hayo yafungwe uko kwao.

Hatua ya sita: Ombudsman

Ukikataliwa au ukinyamaziwa, una siku 30 za kuomba Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana zaidi kama Ombudsman, ipitie uamuzi huo. Tume hii ina ofisi Kisumu. Ambatisha barua yenye muhuri, jibu lao kama lipo, na ukurasa wa ripoti wenye pendekezo lenyewe. Inaweza kuiamuru taasisi kutoa habari, na asiyeridhika huenda Mahakama Kuu. Usiruhusu siku 30 zikupite. Ziandike kwenye kalenda ya ukutani siku ile ile unayokataliwa, au siku muda wao wa kujibu unapokwisha kimya.

Hatua ya saba: Bunge

Kwa ripoti za kamati za Bunge una silaha nzuri. Kanuni ya Kudumu ya 201 ya Bunge la Taifa inamtaka waziri husika aieleze kamati kuhusu utekelezaji ndani ya siku 60 baada ya Bunge kupitisha ripoti au azimio. Ipo pia Kamati ya Utekelezaji, ambayo kazi yake ni kufuatilia maazimio hayo na ahadi ambazo serikali imetoa bungeni. Nenda ofisi ya mbunge wako ukiwa na ukurasa mmoja: pendekezo, tarehe Bunge lilipolipitisha, tarehe siku 60 zilipokwisha, na swali. Mbunge anayepewa swali lililoandikwa tayari hana sababu ya kusema atalifikiria.

Ripoti za tume za Rais ni ngumu zaidi, kwani kanuni hiyo haizigusi moja kwa moja. Ripoti ya Tume ya Ukweli ilikabidhiwa Mei 21, 2013. Mwaka huo huo sheria ilibadilishwa ili utekelezaji usubiri Bunge la Taifa liijadili. Haikupitishwa, na kila aliyeulizwa kuhusu fidia akawa na mlango wa kutokea: Bunge bado. Hapa swali lako si "fidia iko wapi" bali "mbunge wangu, lini utaomba ripoti ijadiliwe?" Swali hilo lina mtu mmoja wa kulijibu, naye atakuja kukuomba kura.

Kifungu cha 119 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kupeleka ombi Bungeni. Liandike kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima, ukieleza juhudi ulizokwisha kufanya na kama jambo liko mahakamani au la. Majina, anwani, na sahihi au alama ya kidole gumba za waombaji ziwepo. Barua zako za hatua ya tano ndizo uthibitisho wa juhudi, kwa hiyo usianze na ombi la Bunge kabla ya barua.

Neno moja kuhusu kaunti. Sheria ya Huduma ya Polisi inaanzisha mamlaka ya usalama ya kaunti, mwenyekiti akiwa gavana. Gavana akikuambia usalama ni kazi ya serikali kuu pekee, muulize mamlaka hiyo iliketi lini mara ya mwisho.

Hatua ya nane: mahakama, na muda wake

Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kwa niaba ya wengine au kwa manufaa ya umma. Desemba 2020, Mahakama Kuu iliamuru serikali iwalipe manusura wanne wa ubakaji wa ghasia za 2007 na 2008 shilingi milioni nne kila mmoja. Kesi ilikuwa imefunguliwa mwaka 2013. Miaka saba, kwa watu wanne. Inawezekana, lakini mwambie ukweli huo mwathiriwa kabla hajasaini chochote. Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria ipo kwa wasioweza kulipa wakili.

Ukifikiria Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha, kumbuka miezi miwili. Kesi kuhusu mateso ya Mlima Elgon wakati wa operesheni ya kijeshi ya 2008 ilifika huko, na mwaka 2012 kitengo cha rufaa kikaitupa kwa kuwa ilifunguliwa nje ya miezi miwili inayoruhusiwa na mkataba. Hakuna aliyesema mateso hayakutokea. Muda tu.

Kulinda watu na karatasi

Usibandike jina la shahidi kwenye kundi la WhatsApp. Usipige picha ya kidonda cha mtu na kuisambaza ili barua ipate uzito. Pendekezo lililoandikwa lina uzito wa kutosha. Shahidi aliyetishwa ashauriwe kuhusu Shirika la Kulinda Mashahidi, na malalamiko dhidi ya polisi yapelekwe IPOA, si kituo kile kile kinacholalamikiwa.

Nyaraka asilia zisitoke mikononi mwa familia. Namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), fomu ya P3 ya kuthibitisha majeraha, karatasi za kutoka hospitalini, cheti cha kifo, picha za nyumba iliyochomwa: toa fotokopi mbili, moja ikae kwa jamaa anayeishi mbali. Wakimbizi wa ndani waliokaa kwa jamaa zao badala ya kambini walipata shida kubwa kuthibitisha kuwa walifukuzwa, kwa kuwa hawakuwa kwenye orodha ya kambi yoyote. Kama uko hivyo, andika sasa: ulitoka wapi, tarehe gani, nani alikupokea, na umwombe aliyekupokea aweke sahihi akiwa bado hai.

Jibu likija, hata likiwa la mistari miwili, lipeleke barazani na ulisome kwa sauti, kwa Kidholuo, Kibukusu, Kikuyu au Kalenjin kulingana na waliokuja. Kisha muulize aliyetoa ushahidi kama anaridhika na alama uliyoiweka daftarini. Akikataa, andika sababu yake kando ya alama, na umwombe akusaidie kutunga swali la barua inayofuata.